Pingo la Nyumba Yetu

Sogeeni karibu, wanangu. Kila mmoja avute kigoda chake, na wewe mkubwa uache kusimama hapo mlangoni umekunja mikono kama mtu aliyekuja kudai kabati lake; sauti niliyobaki nayo haifiki huko. Binti yangu, daftari unalo? Andika kama nitakavyosema, usininyooshee maneno kama unavyowanyooshea wanafunzi wako, nikitukana andika tusi. Na wewe kitinda mimba, mizaha yako leo iweke mfukoni. Utaitoa nikishaondoka, na ninavyokujua utaitoa kabla udongo haujakauka.

Kwanza niambieni, bakuli la dirishani linaonyesha nini? Angalia vizuri, usiniridhishe. Mduara mmoja? Mmoja unaoanzia katikati, unakwenda pembeni, unapotea, halafu unarudi? Basi. Nilikuwa nausikia kwenye mifupa tangu juzi, nikasema labda ni homa. Ninyi mmelikuta bakuli hilo pale tangu mnazaliwa, mnalijaza maji kila asubuhi kwa mazoea, na mkubwa wangu nimemwona kwa macho yangu akizimia sigara humo. Mduara mmoja maana yake siku mbili. Miwili maana yake kesho. Maji yakianza kumwagika, wako mtaani.

Kaa chini! Nani kasema ukimbie? Siku mbili ni nyingi kwa fundi, na bila haya nitakayowaambia hata mngekuwa na mwezi mzima usingewafaa kitu. Nitaanzia mbali, kwa sababu huko shuleni wanafundishwa nusu ya habari, na hiyo nusu imepakwa rangi. Usinilainishie, binti yangu, andika hivyo hivyo.

Vitabu vinawaita madubwana. Sisi tuliwaita Wazito, na jina hilo lilitolewa na bibi yangu mzaa baba na wenzake, waliowaona mara ya kwanza wakiwa wasichana wa kuchota maji. Walitokea upande wa nyanda za chumvi, mchana kweupe, jua likiwa utosini, watu wakiwa kazini na watoto wakicheza barabarani. Hakuna aliyekimbia, kwa sababu walikuwa wanatembea polepole mno, na mtu hamkimbii anayetembea kama mgonjwa. Warefu mara mbili ya mwanamume, rangi ya gunia lililolowa, uso upo lakini hauna la kukuambia, na mikono yao vidole vimeshikamana, kama ngumi ambayo imesahau kufunguka. Hawana silaha, hawapigi, hawavunji kitu kwa hasira. Wanaegemea. Mzito akifika kwenye mlango anaweka paji la uso, anaweka mikono, anasukuma taratibu bila kuchoka, na muda wote huo anapumua. Ukiwa ndani unazisikia pumzi zake kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Enzi hizo milango yote ya mji huu ilifunguka kwa ndani, na watu walikuwa na mapingo, mbao nene za kukingamisha nyuma ya mlango. Pingo moja likipasuka wanaweka la pili. Wazito waliegemea mpaka mapingo yakakatika, bawaba zikang'oka, wakaingia wameinama, kila mmoja akamwinua mtu mmoja, akamtia kwapani kama unavyobebwa mkeka, akageuka kurudi alikotoka. Hawali watu, wanangu. Wangekuwa wanakula tungezika mifupa, tungelia, tungeendelea. Wanachukua tu. Bibi yangu alimwona kaka yake kwapani mwa mmoja wao, anampungia mkono, amechanganyikiwa, kama mtu anayesafiri.

Aliyetuokoa alikuwa mkunga mmoja mwenye miguu mibovu, ambaye hakuweza kukimbia akajitupa kwenye ghala la nafaka. Mlango wa ghala lile ulifunguka kwa nje, si kwa akili ya mtu, ni kwa sababu ndani magunia yalijaa hadi kizingitini. Mzito akaja, akaegemea. Kadiri alivyosukuma ndivyo mlango ulivyozidi kukaa kwenye miimo yake. Mkunga alihesabu pumzi mia moja na kumi, halafu yule Mzito akauacha mlango, akaenda kwa jirani. Hakuvuta. Pete ya mlango ilikuwa inamgusa kidevuni, hakuvuta, kwa sababu kuvuta hawakujui. Huo ndio mwaka wa Kugeuza Milango mnaousoma shuleni, na kweli yote iligeuzwa, kuanzia ya baraza la mji hadi ya vibanda vya kuku. Kitu ambacho hamkusoma ni kwamba mwaka huo huo mapingo yalipigwa marufuku na kuchomwa moto uwanjani. Kulikuwa na nyumba iliyoshika moto siku ile ya Wazito, jiko lilipinduka, na watu tisa wakateketea nyuma ya mapingo yao wenyewe wakishindwa kuyatoa. Basi baraza likasema mlango unaofunguka nje hauhitaji pingo, unahitaji kitasa kidogo cha kuzuia upepo. Na ndivyo mji huu unavyolala mpaka leo.

Waliporudi mara ya pili nilikuwa na miaka sita, na watu walikuwa juu ya mapaa wakiwacheka. Nakwambieni ukweli. Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu, jirani yetu akawamwagia maji ya vyombo. Mmoja aliegemea mlango wetu nikamwona kutoka juu, kisogo chake kimejaa makovu ya jua, na mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilimwona amegeuza shingo kidogo akiweka sikio. Alikuwa anasikiliza. Nikamwambia baba, baba akanipiga konzi, akasema nisiharibu furaha ya watu.

Nipe maji. Kidogo. Basi, inatosha.

Sasa naingia kwenye yangu, na hapa ndipo nataka kila mtu anyamaze, hata wewe unayekohoa kwa makusudi. Mji huu unaniita Mzee Bawaba. Mtaa wetu unaitwa kwa kazi yangu. Watu wananipisha kwenye foleni, na mkubwa wangu umepewa kazi ya kuweka milango yote ya mtaa mpya, kwa sababu wanasema mkono wa baba yako haujawahi kukosea. Umekosea. Karakana ile niliyokulia, ile mnayogombania kimyakimya mkidhani sisikii, haikuwa yangu. Ilikuwa ya Fundi Tisa, aliyeitwa hivyo kwa sababu msumeno ulimwachia vidole tisa. Ninyi mmefundishwa kwamba Fundi Tisa ndiye aliyeweka ule mlango wa dobi, na mkiwa watoto mlicheza mchezo wa kumfukuza. Nilikuwa nakaa barazani nawatazama mkicheza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi kamili, na nilikuwa na mchumba. Mama yenu alijua, kwa hiyo msikunje nyuso. Alikuwa mfuaji kwenye nyumba ya dobi pale karibu na kisima, na tulimwita Buluu kwa sababu ya ile dawa ya buluu wanayotia kwenye maji ya kusuuzia ili mashuka yawe meupe. Ilikuwa imeingia kwenye ngozi ya viganja vyake na chini ya kucha na haikutoka hata kwa jivu. Alikuwa na kawaida yake ya kuniita. Hakugonga karakana kama wateja, alishika pete ya mlango akaivuta mara tatu, taratibu, tak, tak, tak, mimi nikajua ni yeye, nikajifanya sijasikia ili avute tena.

Mlango wa nyuma wa dobi ulifunguka kwenye kichochoro chembamba, mabega yangu yaligusa ukuta pande zote. Kila alipotoka na beseni la nguo zilizolowa, mlango ule ulimrudia ukampiga nyonga. Alinionyesha, palikuwa pameiva kama zambarau. Akaniambia, "Fundi wangu, hebu nigeuzie huu mlango, siku moja utaniua." Nilimwambia haiwezekani, Fundi Tisa atanitoa roho. Akacheka, akasema basi mwambie huyo Tisa aje abebe beseni yeye. Na mimi, wanangu, nilikuwa nampenda. Wazito walikuwa hawajaonekana kwa miaka ishirini, watu walikuwa wanasema labda wamekufa huko waliko. Alasiri moja Fundi Tisa alipokwenda kuchagua mbao, nilichukua bawaba tatu bora kuliko zote karakanani, nikaenda nikaung'oa ule mlango, nikahamisha miimo, nikauweka ufunguke kwa ndani. Nilizipaka bawaba mafuta mwenyewe. Ulikuwa mlango mwepesi, ukiugusa kwa kidole unakwenda. Buluu alipita na beseni mara nne mfululizo, kwa raha tu, akawa ananizunguka na kunirushia maji.

Wiki ya tatu mabakuli ya madirishani yakatikisika. Hakuna aliyehangaika sana, watu wakasema wanakuja wale wajinga wetu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye karakana, na tulipofunga mlango ndipo nikakumbuka. Andika hivyo, binti yangu. Nilikumbuka. Kulikuwa bado na muda wa kukimbia, hawakuwa wamefika kisimani. Nilisema moyoni, miongoni mwa milango yote ya mji, kwa nini waende kwenye ule wa kichochoroni? Nikakaa. Fundi Tisa aliniuliza mbona natokwa jasho, nikamwambia ni joto.

Nyumba ya dobi ilikuwa na kuta za mawe, kwa hiyo majirani walikuwa wamekimbilia humo, watu kumi na wanne, Buluu na mke wa fundi bati wakiwa miongoni mwao. Mzito wa kwanza aliweka paji la uso na mlango ukafunguka kabla hajapumua mara moja. Hata kelele hazikuwa nyingi. Kesho yake tulipokwenda, mabeseni yalikuwa bado yamejaa, shuka moja limening'inia nusu ndani ya maji nusu nje, na mlango wangu uko wazi, unakwenda na kurudi kwa upepo bila kulia hata kidogo.

Baraza likaja. Kila mlango uliotoka karakana yetu ulikuwa na chapa ya vitone tisa, na ule ulikuwa nayo. Fundi bati akamshika Fundi Tisa shati, akamtemea mate usoni, akamuuliza, "Mke wangu yuko wapi?" Fundi Tisa akajifuta mate. Aliinama akazitazama zile bawaba, akapitisha kidole kwenye misumari, na kila fundi anajua mkono wa mtu aliyemfundisha, halafu akageuka akanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Wanangu, naapa nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akangoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa. Kisha akaliambia baraza, "Chapa ni yangu."

Wakamfukuza nje ya ukuta, yeye na binti yake wa miaka saba, wakaishi kwenye tanuri la matofali ambalo halina mlango wowote. Siku ya kuondoka alinikabidhi randa yake, ile ile iliyoko juu ya kabati, akaniambia maneno ambayo nimelala nayo miaka hamsini na moja: "Bawaba zako ni nzuri. Upande tu ndio haukuwa wake." Hakurudi tena mjini. Alifia huko huko tanurini, na sikwenda kumzika, nilisema nina mafua.

Usilie, binti yangu, unanitilia maji kwenye wosia. Baada ya hapo nilifanya kazi kama mwendawazimu. Nilikagua kila mlango wa mji huu, bila kuitwa, na nilipokuta umekaa vibaya niliurekebisha. Watu wakasema tazama kijana huyu alivyo na uchungu na mji wake. Fundi bati peke yake hakusema. Alinitazama tu. Kwa miaka yote hiyo niliwakataza kununua kwake hata kikombe, nikasema ana roho mbaya. Hana roho mbaya. Alikuwa anajua, au alikuwa karibu kujua, na mimi sikuweza kupita mbele ya macho yake.

Ninyi mnadhani hapo ndipo siri inapoishia. Ingekuwa hivyo ningekufa nayo, Mungu anisamehe, ningekwenda nayo kaburini, kwa sababu mimi ni mwoga na mazoea hayaachi. Lakini kuna waliporudi mara ya nne, miaka kumi na tisa iliyopita. Wewe mkubwa ulikuwa karakanani, wewe binti ulikuwa na homa kwenye chumba kile, na wewe mchekeshaji ulikuwa tumboni. Mji mzima ulikuwa salama siku ile. Hakuchukuliwa mtu. Watu walinibeba mabegani, mnakumbuka. Mnakumbuka pia kwamba nilikuwa natetemeka, mkasema baba amezidiwa na furaha.

Siku ile wengi walipita mtaani kwetu, wakaegemea, wakaondoka. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango huu huu nahesabu pumzi. Mmoja alikuja hakuegemea. Nilimsikia amesimama, nikasubiri uzito wake, haukuja. Badala yake nikasikia pete inanyanyuliwa. Halafu ikavutwa, tak. Ikavutwa tena. Na tena. Mara tatu, taratibu.

Nikaweka jicho kwenye tundu la kitasa, nikaona kiganja. Kikubwa kama sinia, cha kijivu, vidole vimegandana, na chini ya kucha, wanangu, chini ya kila kucha, buluu.

Huko wanakowapeleka watu ndiko wanakotengenezwa Wazito. Sasa mnajua. Kaka yake bibi yangu aliyepunga mkono, watu kumi na wanne wa dobi, wote. Wanarudi kwetu wakiwa wamesahau kila kitu, wakiegemea milango yao wenyewe, na sisi tunawamwagia maji ya vyombo. Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu.

Kitasa cha upepo kikakatika. Mlango ukaanza kuja upande wake, nikadaka pete ya ndani kwa mikono miwili, nikaweka miguu ukutani, tukavutana, yeye huko na mimi huku, ubao wa inchi mbili katikati yetu. Alikuwa na nguvu za kuniangusha mara moja na hakuzitumia. Nikamwita, "Buluu." Akaacha. Akasimama, nikasikia anapumua, na nilimjua kwa pumzi. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na muda tena, kama ule alionipa Fundi Tisa. Nikasema, "Nenda, tafadhali, nina watoto." Akaiachia pete. Nikachungulia tena, na hilo nililoliona ndilo lililonizuia kulala tangu siku ile, si kiganja chake. Nyuma yake walikuwa wamesimama Wazito wanne, wameacha milango yao. Walikuwa wanatazama mkono wake.

Mnaelewa? Wanajifunza. Wamejua kwamba pete huvutwa. Na mimi nilifanya nini? Kesho yake, wakati mji unacheza uwanjani, nilichonga pingo, nikaliweka mlangoni hapa kwetu, tena nikalifungia kwenye ndoano za chuma zilizoingia ukutani, livutwe au lisukumwe lisitoke. Baraza liliponiuliza nikasema ni kwa ajili ya wezi, wakacheka, wakaniruhusu kwa heshima yangu. Mlikua mkitaniwa shuleni, watoto wa nyumba yenye pingo. Ni nyumba moja tu mjini, wanangu. Kwa miaka kumi na tisa nimelala nyuma ya pingo na mji mzima ukalala nyuma ya kitasa cha upepo, kwa sababu ningewaambia wawe na mapingo wangeuliza kwa nini, na ningewaambia kwa nini wangeuliza Buluu ni nani, na mwisho wa maswali hayo ni mlango wa dobi.

Acha nipumue.

Haya, wosia. Mkubwa, fungua masikio, na hasira zako utanionyesha ukimaliza kazi. Karakana na kila kilichomo, meza, misumeno, patasi, chapa ya vitone tisa, ni mali ya binti wa Fundi Tisa kule tanurini. Siyo nusu. Utamkabidhi ufunguo mkononi mwake, utamwambia baba yako alikuwa nani, na ukimaliza utamuuliza kama anahitaji fundi. Akikukataa, umekataliwa. Akikukubali, utafagia sakafu mpaka atakapokwambia shika msumeno. Randa iko juu ya kabati, mpe hiyo kwanza, kabla hujasema neno. Najua unasema moyoni, na jina letu je? Jina letu hatukuwa nalo, mwanangu. Nililiazima kwa mtu.

Nyumba hii ni yenu watatu, msiuze, msigombane. Chumba cha nyuma ni cha binti yangu kwa sababu ndiye aliyekuwa ananigeuza ubavu ninyi wawili mkiwa na shughuli. Wewe kitinda mimba, nenda kwa fundi bati leo hii, ni mzee kama mimi na hasikii vizuri, piga kelele kama itabidi. Mwambie alichokuwa anakijua ni kweli. Akikupiga, simama akupige. Kisha mwombe kulabu za chuma, zote alizo nazo, kwa sababu mbao bila kulabu hazifai kitu.

Mbao zipo. Zile nzito ziko stoo, zimekauka vizuri, zinatosha mapingo ya milango mingi mkikata kwa akili. Na zile nane zilizofunikwa turubai, nilizotenga za jeneza langu, anzeni na hizo, ndizo ngumu kuliko zote. Mimi nifungeni kwenye shuka. Pingo liwe na kamba ya kunyofolea kwa ndani, mtu alitoe kwa mvuto mmoja hata kwenye moshi. Msimwunguze mtu tena kwa uzembe wa fundi. Na fungeni kwanza nyumba zenye watoto.

Na Buluu. Akija, na atakuja, mtamjua kwa kuvuta. Msimfungulie. Ila mtu asimtukane, asimmwagie maji, asimwite dubwana. Mmoja wenu amwambie kupitia tundu la kitasa kwamba fundi alikiri, amesema mbele ya watu kwamba mlango ulikuwa wake. Sijui kama ataelewa. Mwambieni hivyo hivyo.

Binti, hebu angalia tena bakuli. Mingapi? Usinidanganye, nimeiona sura yako. Miwili. Basi ni kesho, na hamna usiku wa kupoteza.

Mkubwa, hawatakuamini kwa maneno. Watasema mzee ameweweseka. Kwa hiyo shika hilo pingo. Ndiyo, hilo, la mlangoni kwetu. Linyanyue kwenye ndoano zake, uliweke begani, upite nalo mtaani katikati ya watu mpaka uwanjani, uliweke mbele ya baraza, na dada yako asome alichoandika, kuanzia mwanzo, na tusi likiwemo. Wakiliona pingo la Mzee Bawaba liko chini, watajua. Usinibishie. Najua nitabaki na mlango mtupu. Miaka kumi na tisa wenzangu walikuwa na mlango mtupu. Siwezi kutembea niende mwenyewe uwanjani, nina hili tu la kutoa.

Sauti... inakwenda. Njooni mniwekee vichwa hapa. Mmoja mmoja. Mungu awape mikono isiyotetemeka. Awape midomo inayofunguka kwa wakati wake, mimi wangu ulichelewa. Mpate watoto wa kuwacheka mkizeeka. Mpendane... msiachane kwa ajili yangu. Nimewapenda. Sikusema sana, nilikuwa naogopa nikianza kusema nitasema yote.

Funga daftari, binti yangu. Hapana, usikae. Wote watatu. Nenda na kaka zako, kazi isisimame.

Nigeuzeni tu niutazame mlango. Hivyo. Na mkitoka... msifunge. Urudishieni tu.